Picha Inapochafuka Mgonjwa Akipona

Katika kliniki za kifua kikuu za Afrika Mashariki kuna kosa linalojirudia, na hufanywa hata na watu makini. Mgonjwa anayeishi na VVU ameanza dawa za TB, na wiki mbili baadaye akaongezewa ARV. Homa imeshuka, jasho la usiku limekoma, hamu ya kula imerudi. Kisha, kuelekea mwisho wa mwezi wa pili, anarudi akitetemeka kwa homa na kikohozi kimeanza upya. Anapigwa picha ya kifua. Ikiwekwa kando ya ile ya mwanzo, mapafu yamechafuka zaidi: kivuli kilichokuwa upande mmoja kimetanda pande zote mbili, na chini kulia pana maji ambayo hayakuwepo. Anayetazama hahitaji kuwa bingwa wa mionzi ili aseme dawa zimeshindwa.

Mara nyingi dawa hazijashindwa. Virusi vinapungua, bakteria wanakufa, na mwili ndio kwanza umeanza kupigana. Hatari huanza pale picha hiyo inapoachiwa iamue peke yake: ARV zinasimamishwa, au mgonjwa anaanzishiwa dawa za TB sugu bila kipimo cha maabara, au yeye mwenyewe anakata tamaa na kuacha kila kitu. Hoja yangu katika safu hii ni moja. Kwa mtu mwenye TB na VVU kwa pamoja, eksirei ya kifua hutueleza zaidi habari za kinga yake kuliko habari za bakteria wake. Asiyelizingatia hilo ataisoma picha kinyume.

Jambo lenyewe si dogo. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2023 watu milioni 10.8 waliugua TB duniani na milioni 1.25 walifariki. Kati ya waliofariki, 161,000 walikuwa wanaishi na VVU. Wengi wa hao 161,000 ni wa bara letu.

Kivuli kinatoka wapi

Bakteria wa TB ni mdogo mno kuonekana kwenye eksirei. Wilhelm Röntgen alipogundua mionzi hiyo Novemba 1895, Robert Koch alikuwa amekwisha kumtangaza bakteria huyo mjini Berlin tangu Machi 1882, lakini chombo kipya hakikumwonyesha hata mmoja. Kilichoonekana, na kinachoonekana hadi leo, ni athari za mapambano: chembe za kinga zilizojikusanya, majimaji yaliyovuja, nyama ya pafu iliyokufa, na tundu linalobaki baada ya nyama hiyo kuyeyuka na kukoholewa nje. Pafu lenye hewa hupitisha mionzi na kutoka jeusi kwenye picha. Hewa ikiondoka na mahali pake pakajaa kitu kingine, hapo panatoka peupe.

Fikiria kijiji ambacho wezi wanaingia kila usiku. Sungusungu wakiwa wamelala, hakuna kelele, na mpita njia atadhani pako salama. Siku wakiamka ndipo utasikia filimbi, milango ikigongwa na vumbi likitimka. Eksirei huona vumbi. Wezi haiwaoni.

Katika mapafu, wanaopuliza filimbi ni chembe za CD4. Ndizo zinazoita chembe nyingine zije zimzingire bakteria na kujenga vifundo vinavyoitwa granuloma. Mtu mwenye kinga timamu akiugua TB, mapambano haya huwa makali hasa sehemu za juu za mapafu, na ndiyo maana wanafunzi wa udaktari hufundishwa kutafuta madoa na matundu karibu na mifupa ya mtulinga. Kwake yeye, ugonjwa ukizidi kivuli huzidi, na dawa zikifanya kazi kivuli hupungua, japo taratibu. Picha na ugonjwa hutembea pamoja, na mazoea yetu yote ya kusoma eksirei yamejengwa juu ya urafiki huo.

VVU huuvunja. Mwaka 1985, wakati dunia ndiyo inaanza kuuelewa UKIMWI, Pitchenik na Rubinson wa Miami walichapisha maelezo ya picha za wagonjwa wenye TB na UKIMWI, na hazikufanana na zile za vitabuni. Matundu yalikuwa adimu. Tezi za katikati ya kifua zilikuwa zimevimba, kama zinavyovimba kwa watoto. Madoa yalikuwa sehemu za kati na za chini za mapafu. Baadhi ya picha zilikuwa safi. Tangu hapo tafiti nyingi, za Afrika zikiwemo, zimethibitisha mpangilio huo na kuufungamanisha na kiwango cha kinga. CD4 zikiwa zaidi ya 350, picha hufanana na ya mtu asiye na VVU. Zikishuka chini ya 200, matundu hupotea, na tezi, maji ya kifuani na punje ndogo zilizosambaa mapafu mazima huchukua nafasi. Zikishuka chini ya 50, mgonjwa anaweza kuwa na TB mwili mzima huku mapafu yake kwenye picha yakionekana hayana kitu.

Mtu aliye hatarini kuliko wote basi anaweza kuwa ndiye mwenye picha nzuri kuliko zote. Ukilielewa hilo, nusu ya pili ya kitendawili inajitegua yenyewe: kinga ikirudi, picha inaweza kuchafuka kwanza.

Picha tatu za mgonjwa mmoja

Tuchukue mgonjwa wa mfano, mwanamke wa miaka 34 mwenye CD4 38. Amepungua kilo kumi, ana homa ya mwezi mzima, na makohozi hayatoki. Picha ya kwanza ni ya kupita nayo haraka: mapafu meusi, moyo wa kawaida, isipokuwa mzizi wa pafu la kulia umenenepa kidogo, jambo ambalo jicho lenye haraka litaliruka. TB yake inagunduliwa kwa mkojo, kwa kipimo kiitwacho LAM, ambacho kina manufaa zaidi kwa wenye kinga iliyoporomoka. Anaanza dawa nne za TB. Wiki mbili baadaye anaanza ARV.

Wiki ya nne tangu aanze ARV anarudi. Homa ni nyuzi 39, shingoni upande wa kulia kuna tezi inayouma, na akipanda ngazi anahema. Picha ya pili haihitaji kuelekezwa. Mzizi wa pafu la kulia umekuwa donge lenye kingo za mviringo. Upande wa juu, pembeni mwa koo la hewa, tezi zimesukuma ukuta wa kati ya kifua hadi umefura. Mapafu yote mawili yametapakaa punje ndogo kama ulezi uliomwagwa. Ile pembe kali ya chini, pafu linapokutana na kiwambo, imezibwa na maji.

“Daktari, nilikuja nikiwa mgonjwa kidogo,” anasema, “nimekunywa dawa zenu ndiyo nimezidiwa. Mbona hivyo?”

Swali lake ni la haki, na jibu halipo kwenye picha. Lipo kwenye karatasi nyingine. Wingi wa virusi, uliokuwa mamia ya maelfu kwa mililita, umeshuka chini ya 1,000. CD4 zimepanda hadi 110. Vidonge vimehesabiwa na vinalingana na siku. Askari waliokuwa hoi wamerudi kazini na kuwakuta bakteria, hai na wafu, wametapakaa kila mahali, na wameanza kuwashambulia wote kwa wakati mmoja, kwa sababu mabaki ya bakteria aliyekufa huuchokoza mwili karibu sawa na bakteria aliye hai. “Dada, ulipokuja mara ya kwanza mwili wako haukuwa na nguvu hata ya kuvimba,” ndilo jibu la kweli. “Sasa umepata.”

Picha ya tatu ni ya mwezi wa sita, siku anayomaliza dawa za TB. Punje zimekwisha. Tezi zimesinyaa lakini bado zinaonekana. Pembe ya chini kulia haikurudi kuwa kali: maji yamekauka na kuacha utando ulioshikana. Mgonjwa ameongezeka kilo tisa. Amepona TB, na picha yake bado si safi kama ile aliyokuja nayo akiwa karibu kufa. Anayezipanga picha hizi tatu kwa usafi wa mapafu tu, bila kujua tarehe, hatazipanga kwa mfuatano wa afya ya mgonjwa: ile ya kwanza ataiweka juu ya ile ya kupona.

Kutoka Miami hadi Kampala

Hali hii waganga wengi huiita IRIS, yaani uvimbe unaozuka mwilini pale kinga inapoamka. Madaktari waliijua kwa sura nyingine kabla ya VVU: hata mtu asiye na virusi hivyo anaweza kuvimba tezi au kuongezeka maji kifuani katikati ya tiba nzuri ya TB. ARV zenye nguvu zilipoanza kutumika katika miaka ya 1990, kilichokuwa nadra kikawa cha kila wiki. Mwaka 1998 Masahiro Narita na wenzake wa Miami walichapisha hesabu iliyolieleza jambo hili wazi. Kati ya wagonjwa 33 wenye TB na VVU waliopewa ARV, 12 walizidiwa kwa namna hii, sawa na asilimia 36. Kati ya 28 wenye TB na VVU waliotibiwa TB bila ARV, walikuwa 2. Kati ya 55 wasio na VVU, alikuwa mmoja. Kilichotofautisha makundi hayo kilikuwa kuamka kwa kinga.

Dawa zilipofika Afrika kwa wingi, tatizo likawa ni kulitambua bila maabara za kifahari. Novemba 2006 wataalamu wa nchi mbalimbali walikutana Kampala kujadili vigezo ambavyo hata hospitali ya wilaya ingeweza kuvitumia, na vikachapishwa mwaka 2008. Mantiki yake ni ya kawaida kabisa. Mgonjwa awe amegunduliwa TB na kuanza nafuu kwa dawa zake kabla ya kuanza ARV. Dalili mpya zijitokeze ndani ya miezi mitatu tangu ARV zianze. Kuwe na dalili kubwa moja au ndogo mbili, na picha ya kifua iliyozidi kuchafuka imehesabiwa miongoni mwa kubwa. Mwisho, sababu nyingine ziwe zimetafutwa na kuondolewa. Kigezo hicho cha mwisho ndicho kizito, na ndicho kinachorukwa.

Hutokea kwa wangapi? Chambuzi mbili zilizokusanya tafiti nyingi, moja ya mwaka 2010 na nyingine ya 2015, zilipata kati ya asilimia 15 na 18 hivi ya watu wenye TB walioanza ARV. Waliofariki kwa sababu ya hali hii walikuwa takriban asilimia 2 hadi 3 ya walioipata. Wanaopatwa zaidi ni wenye CD4 za chini sana, wenye TB iliyosambaa, na wale ambao ARV zilifuata dawa za TB kwa karibu.

Hapo ndipo wengi huuliza: kama kuanza ARV mapema huleta vurugu hii, kwa nini tusisubiri? Jibu limelipiwa kwa maisha ya watu. Jaribio la SAPIT lililofanywa Durban, lililochapishwa mwaka 2010, lilionyesha kuwa kusubiri hadi dawa za TB ziishe kuliongeza vifo kwa kiasi kikubwa. CAMELIA, lililofanywa Kambodia kwa wagonjwa 661 ambao nusu yao walikuwa na CD4 zisizozidi 25, lililinganisha kuanza ARV wiki ya 2 na wiki ya 8. Walioanza mapema walipata IRIS mara mbili na nusu zaidi. Hata hivyo waliofariki kati yao walikuwa 59 kati ya 332, wakati kwa walioanza baadaye walikuwa 90 kati ya 329. Kundi lililokuwa na vurugu nyingi zaidi ndilo lililobaki na watu wengi zaidi hai.

Kwa hiyo mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilishauri ARV zianze ndani ya wiki mbili tangu dawa za TB zianze, bila kujali CD4. Isipokuwa kwa TB ya utando wa ubongo, ambako hapana nafasi ya kuvimba: fuvu halitanuki, na ARV husubiri wiki nne hadi nane. Nchi zetu zimefuata mkondo huo. Maana yake ni kwamba picha iliyochafuka mwezi wa pili tumeichagua wenyewe, kwa hesabu, na mgonjwa angestahili kuelezwa hivyo siku ya kwanza, kabla haijamtokea.

Maswali na mpangilio wake

Wapo waliojifunza habari za IRIS wakaangukia shimo la upande wa pili: kila picha iliyoharibika huipa jina hilo na kumrudisha mgonjwa nyumbani. Hilo nalo huua. IRIS ni jina linalotolewa mwisho, baada ya maswali mengine kujibiwa.

Swali la kwanza ni la picha yenyewe. Je, zinalinganishika? Picha ya kwanza ilipigwa mgonjwa akiwa amesimama, kifua kikielekea kibao. Ya pili amepigiwa kitandani, mionzi ikitoka mbele, na hapo moyo huonekana mkubwa na maji hutandaa nyuma ya pafu kama ukungu. Hesabu mbavu: pumzi ikivutwa vizuri, mbavu za nyuma tisa au kumi huonekana juu ya kiwambo. Zikionekana saba tu, pafu limebanwa na litaonekana chafu hata kwa mtu mzima wa afya. Tazama ncha za ndani za mitulinga kama ziko umbali sawa na uti wa mgongo. Zisipokuwa sawa mgonjwa aligeuka, na mzizi wa pafu unaodhani umevimba huenda umeletwa na huko kugeuka. Tangu miaka ya 1940, tafiti za Marekani zilizohusisha Yerushalmy na baadaye Garland zilionyesha kuwa wasomaji wazoefu wa eksirei hupishana kwa karibu theluthi moja ya jozi za picha wanapoulizwa kama ugonjwa umezidi au umepungua, na msomaji huyohuyo akipewa picha zilezile siku nyingine hujipinga kwa karibu moja kati ya tano. Unyenyekevu huo tusiupoteze kwa sababu tu sasa picha ziko kwenye kompyuta.

Swali la pili: dawa zinafika? Hapa huulizwa kwa upole, maana mtu aliyefokewa hatasema kweli. Kuna wanaotapika vidonge vya asubuhi, kuna wanaoharisha kwa wiki nzima, kuna waliosafiri msibani na kuacha dawa. Pia kuna mtego wa rifampisini. Dawa hii ya TB huchochea ini liivunje haraka dolutegravir, mojawapo ya ARV, ndiyo maana anayemeza kidonge cha TLD, chenye dolutegravir ndani yake, mara moja kwa siku huongezewa dolutegravir ya miligramu 50 saa 12 baadaye. Kidonge hicho cha pili kikisahaulika, au kisipokuwepo dirishani siku ya kuchukua dawa, virusi hupata upenyo. Kipimo cha wingi wa virusi ndicho kitakachosema. Kikirudi juu, kinga haijaamka, na IRIS si jibu la kwanza la kulifikiria.

Swali la tatu: bakteria ni sugu? Katika utafiti wa Cape Town uliochapishwa mwaka 2009, kati ya wagonjwa waliofika wakidhaniwa kuwa na IRIS, karibu mmoja kati ya kumi alikuwa na TB sugu kwa rifampisini ambayo haikuwa imejulikana. Makohozi, au majimaji ya tezi, yaende maabara bila kuchelewa. Tahadhari ipo hapa pia: mashine ya GeneXpert husoma vinasaba, na vinasaba vya bakteria mfu hubaki kwa miezi. Ikisema bakteria wapo, haijasema wako hai. Ikisema wana usugu, hiyo ni habari ya kufanyia kazi mara moja. Anayetaka kujua kama dawa zinaua hutazama makohozi kwa hadubini, na huotesha bakteria maabara hata kama majibu yatachukua wiki kadhaa.

Swali la nne: kuna ugonjwa mwingine? Nimonia ya bakteria wa kawaida huja kwa siku chache na kushika eneo moja. Nimonia ya Pneumocystis hutanda kama ukungu pande zote mbili na kwa kawaida haileti maji. Saratani ya Kaposi, ambayo ukanda wetu unaijua vizuri, hutoka mizizi ya mapafu kama ndimi za moto na maji yake mara nyingi huwa na damu; fungua mdomo wa mgonjwa utazame kaakaa, tazama miguu, kabla hujamaliza kuitazama picha. Moyo ukionekana kama mtungi mpana, maji yanaweza kuwa yamejaa kwenye mfuko wake. Mgonjwa anayehema ghafla huku picha yake haijabadilika anaweza kuwa na donge la damu kwenye mishipa ya pafu, kwani TB huifanya damu igande kwa urahisi.

Maswali manne yakijibiwa, la tano linajijibu. Mgonjwa ana IRIS, na kazi kubwa ni kutoharibu kinachofanya kazi. Dawa za TB zinaendelea. ARV zinaendelea, isipokuwa maisha yakiwa hatarini kabisa. Maji mengi yanavutwa. Akiteseka, prednisoni, dawa ya kutuliza uvimbe, husaidia. Jaribio la Cape Town lililochapishwa mwaka 2010 kwa wagonjwa 110 lilitumia miligramu 1.5 kwa kilo kwa siku wiki mbili, kisha nusu yake wiki mbili nyingine, na likapunguza siku za kulazwa na matibabu ya kutoboa au kuvuta maji. Mwaka 2018 jaribio jingine, la Khayelitsha, liliitoa dawa aina hiyo kama kinga kwa wagonjwa 240 wenye CD4 zisizozidi 100. IRIS ilipungua kutoka asilimia 47 hadi 33 hivi. Lakini dawa hii huzima kinga, na kwa mwenye Kaposi huweza kuichochea vibaya, ndiyo sababu yale maswali manne hayana njia ya mkato.

Kompyuta na makovu

Eksirei ilikuwa imewekwa pembeni. Mwaka 1974 kamati ya wataalamu ya Shirika la Afya Duniani ilishauri kampeni za kupiga watu picha kiholela ziachwe, na mfumo uliojengwa Tanzania kuanzia 1977 chini ya Karel Styblo, ambao baadaye ulikuwa mfano wa DOTS, mkakati wa kupambana na TB duniani, ulisimama juu ya hadubini na makohozi. Sasa eksirei imerudi kwa kishindo. Mashine za kidijitali hubebwa kwa begi hadi vijijini na magerezani, na tangu mwaka 2021 Shirika hilo limekubali programu za kompyuta zisome picha za kifua za watu wa miaka 15 na kuendelea katika kuchuja nani apimwe makohozi.

Hilo ni jema, na lina mpaka. Ruhusa hiyo ni ya kuchuja watu, haihusu kufuatilia tiba. Programu hutoa alama ya uwezekano wa TB kwa picha moja. Haijui mgonjwa ameanza ARV lini, na tezi zilizofura kwa sababu kinga imeamka itazipa alama kubwa. Muuguzi akiona alama imepanda kutoka 40 hadi 85 mwezi wa pili, atatishika kuliko alivyotishwa na picha yenyewe, kwa kuwa namba hubeba heshima ambayo kivuli hakina.

Upande wa pili wa tiba kuna tatizo la makovu. Aliyepona hubaki na nyuzi, pembe zilizozibwa, pengine tundu kavu. Miaka mitatu baadaye akipata mafua makali, atapigwa picha, kovu litaonekana, na ataanzishiwa miezi sita mingine ya dawa asizozihitaji. Picha ya siku aliyomaliza tiba ndiyo ingemwokoa, kama ingepatikana. Zamani mgonjwa alirudi nyumbani na filamu yake kwenye bahasha kubwa ya kaki na kuihifadhi juu ya kabati. Leo picha hubaki kwenye kompyuta ya hospitali iliyompiga, na kompyuta ikifa au mgonjwa akihamia mkoa mwingine, historia ya kifua chake inakwenda nayo. Kwa hili tumerudi nyuma.

Fomu ya kuombea picha

Mabadiliko ninayoyapendekeza hayahitaji mashine mpya. Yanaanzia kwenye fomu ya kuombea eksirei, ambayo kwenye sehemu ya maelezo mara nyingi huandikwa herufi tatu tu, PTB, yaani TB ya mapafu, na alama ya kuuliza. Bingwa aliye chumba cha giza au aliye mji mwingine akisoma kwa mtandao hapewi kingine. Ataandika anachokiona: vivuli vimeongezeka, TB inayoendelea, angalia usugu. Ripoti itakuwa sahihi kwa picha na potofu kwa mgonjwa.

Mambo matano yaandikwe hapo: tarehe ya kuanza dawa za TB, tarehe ya kuanza ARV, CD4 ya mwanzo, wingi wa virusi wa karibuni, na mahali ilipo picha iliyotangulia. Kila mgonjwa mwenye VVU anayeanza tiba ya TB apigwe picha siku ya kwanza hata kama TB yake imegunduliwa kwa mkojo au kwa tezi, kwa sababu bila ya kwanza, ya pili haina cha kulinganishwa nacho. Apigwe tena siku ya kumaliza, na nakala apewe mwenyewe, iwe kwenye karatasi au kwenye simu yake. Picha za katikati zipigwe mgonjwa akizidiwa. Kumpiga kila mwezi akiwa anaendelea vizuri ni kutafuta hofu kwa gharama.

Na mgonjwa aelezwe mapema, kwa lugha yake, kwamba wiki chache baada ya kuanza ARV anaweza kuzidiwa. Kwamba akizidiwa arudi kliniki siku hiyohiyo na vidonge vyake mkononi. Kwamba akihema sana, akiumwa kichwa kisichotulia, akichanganyikiwa au akipata manjano, asisubiri tarehe ya kliniki. Na kwamba asiache dawa yoyote mpaka aliyemwandikia amwambie. Maelezo hayo huchukua dakika tano. Mgonjwa aliyeyasikia huja na swali. Ambaye hakuyasikia, mara nyingi haji tena.